Kitanda Usichokilalia

Mwanadamu huzaliwa kitandani, huugulia kitandani, na aghalabu hufia kitandani. Katika vyombo vyote vya nyumba hakuna kinachomjua mtu kwa undani kama kitanda, wala hakuna kinachosahauliwa upesi kama hicho. Asifuye nyumba husifu milango yake. Asifuye hospitali husifu madaktari na mashine zake. Kitanda hubeba, hunyamaza, na hakishukuriwi. Nataka kukusimulia, msomaji, habari ya kitanda ambacho kukibuni kulikuwa kazi yangu, na jinsi nilivyofunzwa kazi hiyo mara mbili: mara ya kwanza na vitabu, mara ya pili na mama yangu.

Baba yangu alikuwa seremala Mombasa. Alitengeneza milango, makabati na viti, lakini sifa yake ilikuwa vitanda vya kamba. Nilipokuwa mtoto nilimshikia patasi na kujifunza majina: matendegu ni miguu ya kitanda, mifumbati ni miti mirefu ya ubavuni, vitakizo ni miti mifupi ya kichwani na miguuni. Akiisha kuiunganisha miti hiyo, alikiwamba kitanda kwa kamba, akazikaza mpaka zikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Kisha alifanya jambo lililowachekesha wateja. Alijinyosha juu ya kitanda kipya, akafumba macho, akageuka kulia, akageuka kushoto, halafu akainuka polepole kama mzee anavyoinuka. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa methali ambayo bila shaka unaijua: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilidhani anafanya mzaha, maana kitanda kipya hakina kunguni.

Nilipokua nilipenda hesabu kuliko randa. Nilisoma uhandisi wa mitambo, nikapata kazi nchini Ujerumani, katika ofisi ya wachoraji wa vitanda vya skana. Huenda ukauliza skana ni nini. Ni mashine inayopiga picha ya ndani ya mwili bila ya kuupasua. Eksirei ya kawaida huuonyesha mwili kama kivuli ukutani, viungo vyote vimelaliana. Skana huuonyesha kipande kwa kipande, kama mkate wa boflo uliokatwa. Mgonjwa hulala juu ya kitanda chembamba, kitanda kikamwingiza katika tundu la pete kubwa, na ndani ya pete hiyo chombo cha mionzi kikamzunguka. Kompyuta hukusanya habari za mionzi iliyopenya mwilini, ikazifanya kuwa picha.

Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya namna hii alilazwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Mwingereza Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye mawazo yake ya hesabu juu ya jambo hilo yalianza alipokuwa akifanya kazi katika hospitali moja ya Cape Town mwaka 1956. Bara letu basi lina sehemu yake katika maarifa hayo. Lakini katika sifa zote walizopewa waungwana hao, sijapata kusikia mtu aliyekisifu kitanda.

Hata hivyo kitanda hicho si kitu chepesi kubuni. Chukua rula yako ndefu, ibane ukingoni mwa meza hata sentimita 10 zitokeze nje, kisha weka sarafu kwenye ncha. Itainama kidogo. Sasa itokeze sentimita 20, sarafu iwe ile ile. Utadhani itainama mara 2, lakini itainama kadiri ya mara 8, yaani 2 mara 2 mara 2. Kitanda cha skana ni kama rula hiyo. Hushikwa upande mmoja, na upande wa pili huelea ndani ya tundu pamoja na mgonjwa, maana hapana nafasi ya kusimamisha tendegu katika njia ya mionzi. Kikiinama, mgonjwa hushuka, na picha hupotoka.

Dawa ya kuinama ni unene: ubao ukizidishwa unene mara 2, ukaidi wake huzidi mara 8. Lakini ubao mnene huzuia mionzi, na chuma hutia michirizi katika picha kama mikwaruzo juu ya kioo. Mafundi wakatatua kitendawili hiki kwa nyuzi za kaboni. Hufanya maganda mawili membamba ya nyuzi hizo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu, na katikati yake hutia povu gumu jepesi. Kitanda cha namna hiyo ni kigumu, na mionzi hukipita kwa urahisi mkubwa. Lakini usikichukue kitanda hicho ukakitia katika skana ya sumaku. Kaboni hupitisha umeme, nayo huweza kupata joto na kuharibu picha. Huko hutumika plastiki na nyuzi za kioo. Kila mashine ina kitanda chake, kama kila mguu ulivyo na kiatu chake.

Tena kitanda hiki hakilali tu; hutembea. Tangu mwaka 1989, ulipotangazwa utaratibu wa kupiga picha kwa mzunguko usiokatika, kitanda huteleza mbele wakati mionzi ikizunguka, na mwendo wake ni sehemu ya kipimo. Wakaguzi hukitwika mzigo wa uzito wa mtu, kisha hupima kama kimefika mahali kilipoamriwa, pasipo kukosea zaidi ya milimita 1 au 2. Na kuhusu nguvu, kanuni za kimataifa humkadiria mgonjwa kilo 135 ikiwa mtengenezaji hakutaja kadiri nyingine, nazo hutaka mihimili iweze kubeba uzito huo mara kadhaa kabla ya kuvunjika.

Hayo yote niliyajua, na kwa kuyajua nilijiona fundi aliyekamilika. Kitanda cha kwanza nilichochora mimi hakikuinama, hakikutia michirizi, wala hakikukosea mahali pake. Katika pembe moja ya mchoro palikuwa na tarakimu ambayo sikuifikiria hata kwa dakika moja: kimo cha chini kabisa, sentimita 65. Kitanda cha skana hushuka ili mgonjwa apande, kisha hupanda mpaka usawa wa tundu. Kadiri kinavyotakiwa kushuka zaidi, ndivyo mitambo yake inavyopaswa kukunjwa katika nafasi ndogo zaidi, na ndivyo gharama inavyozidi. Niliona 65 ni kimo kizuri. Mimi ni mtu mrefu. Wakubwa wangu walinisifu kwa kupunguza gharama, nami nikalala usingizi mzuri juu ya kitanda cha kukodi.

Mwaka 2016 nilikuwa likizoni Mombasa. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama, ambaye umri ulikuwa umempinda mgongo akawa na kibiongo, aliteleza uani akajipiga kichwa. Siku za kwanza hakulalamika. Baada ya majuma mawili alianza kusahau majina yetu na kuburuta mguu mmoja. Daktari alishuku damu iliyovilia chini ya fuvu, akaagiza picha ya skana upesi.

Niliingia naye katika chumba kile, nikamwona mama yangu amesimama mbele ya kitanda. Kilikuwa kimeshushwa mpaka mwisho wake, lakini ukingo wake ulimfika juu ya nyonga. Alikitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Waliletewa kibago, akapanda huku watu wawili wamemshika kwapani, kanga ikamponyoka, naye akaona haya mbele ya vijana wale. Akalazwa. Kitanda kilikuwa kigumu na baridi, na kibiongo hakikumruhusu kunyoka. Kichwa chake kikabaki kikining'inia juu ya kishikio bila ya kukigusa. Wakampachikia mito na vitambaa. Wakatutoa nje, mashine ikalia.

Picha ya kichwa hukamilika kwa sekunde chache tu. Lakini mtu mwenye maumivu na hofu hawezi kutulia hata sekunde hizo. Mama alitikisika. Picha ilitoka na ukungu, daktari asiweze kusema ni damu au ni kivuli cha mtikisiko. Ikabidi irudiwe, na kila picha ina kiasi chake cha mionzi. Mara ya pili ilitoka dhahiri: damu ilikuwapo, nayo ilikuwa ikiusukuma ubongo. Alipasuliwa usiku ule ule. Namshukuru Mungu kuwa alipona, majina yetu yakamrudia moja baada ya moja.

Siku alipotoka hospitali tuliketi barazani jioni. Akaniuliza kwa upole, kama aulizaye habari za mvua, "Mwanangu, yule aliyekitengeneza kitanda kile, hana mama?"

Sikumjibu. Kitanda kile hakikuwa kazi ya mkono wangu. Ningeweza kusema hivyo, na ningekuwa nimesema kweli. Lakini kimo chake na kimo nilichokiandika mimi vilikuwa ndugu, na mama mwingine, katika mji nisioujua, alikuwa akisimama mbele ya kitanda changu na kukitazama kama ukuta.

Niliporudi kazini nilifanya jambo la kwanza ambalo baba yangu angelifanya. Nilingoja wenzangu waondoke, nikavua viatu, nikajifunga blanketi lililokunjwa mgongoni liwe kibiongo, nikalala juu ya kitanda changu mwenyewe kwa dakika 30. Katika dakika 5 nilijua mambo ambayo vitabu havikunifunza. Taa ya darini ilinichoma macho. Mikono haikuwa na mahali pa kutulia. Kichwa kilining'inia, na shingo ikaanza kutetemeka bila ya amri yangu. Nilipotaka kuinuka sikuona pa kushika. Kitanda kilikuwa kipya, lakini kunguni walikuwamo, nami ndiye niliyewatia.

Kukirekebisha hakukuwa kazi ya siku moja. Mto wa kulalia na kabari za kuegemeza mgongo vilikubaliwa upesi, maana bei yake ni ndogo. Kishikio cha kichwa kinachoinuka kilihitaji michoro mipya. Kimo ndicho kilicholeta mabishano, kwa kuwa mitambo ya kunyanyua ilipaswa kubuniwa upya, na waliosimamia fedha waliuliza sentimita chache zina faida gani. Niliwaalika wafunge blanketi mgongoni na kulala kama nilivyolala. Wawili walikubali. Mwaka mzima ulipita, lakini kitanda kilishuka mpaka sentimita 45, kimo cha kiti cha kawaida, ambacho mtu hukikalia kwanza, kisha akageuza miguu na kulala. Mwaka 2024 bodi ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za watu wenye ulemavu katika majengo na vyombo iliweka kipimo cha inchi 17, karibu sentimita 43, kuwa kimo cha chini cha vitanda vya uchunguzi, ili mtu wa kiti cha magurudumu aweze kujihamisha mwenyewe. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi, na papo hapo nikaona haya: tulikuwa bado sentimita 2 juu.

Likizo iliyofuata nilimwungama mama. Nilimwambia kuwa watu wa kazi ile ni mimi na wenzangu, na kwamba swali lake nililichukua nikaenda nalo. Alinyamaza kitambo, akacheka. "Basi," akasema, "sasa anaye."

Msomaji kijana, huenda wewe hutachora kitanda cha skana. Utajenga nyumba, utatunga sheria, utafundisha darasa, au utaandika kitabu cha dawa. Kila moja ya kazi hizo ni kitanda ambacho mtu mwingine atakilalia, na aghalabu atakuwa mdogo kuliko wewe, au mzee kuliko wewe, au mgonjwa. Hesabu zako na ziwe sahihi, maana kitanda kikivunjika huruma haitakizuia kuanguka. Lakini hesabu ikiisha, vua viatu. Lala juu ya kazi yako kabla hujampa mwenzako, ukageuke kulia, ukageuke kushoto, kisha uinuke polepole kama mzee anavyoinuka. Ukiona vigumu kuinuka, rudi kwenye mchoro.