Barza ya kukaa mwaka mzima: mpango wetu wa Bambu

Wengi wenu mmetuuliza kama ni kweli tunaanza kujenga tena, na ni nini tunajenga. Ni kweli, lakini si nyumba, maana nyumba ipo. Tunapanga kuegemeza barza kwenye ukuta wake wa mashariki, barza yenye ukuta mfupi na paa linalopitisha mwanga, ili tukae humo mvua ikinyesha au jua likiwaka, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili.

Kwa yule ambaye hajafika huku: ukitoka Bunia unapita Iga-Barrière, kisha Nizi, halafu barabara inazunguka vilima mpaka Bambu. Dhahabu ndiyo iliyojenga mahali hapa. Ilionekana upande wa Kilo mwaka 1903, uchimbaji ukaanza 1905, na kampuni ya Kilo-Moto, iliyoundwa 1926, iliweka hapa makao yake ya upande wa Kilo. Ndiyo maana mpaka leo wengine wanasema Bambu-Mines. Nyumba za matofali za wakati ule zina barza pana mbele. Tangu utoto tulikuwa tunazitazama: mzee anakunywa chai, watoto wanasoma, na mvua inapiga hatua mbili tu mbele yao.

Nyumba yetu haina barza. Mvua ikianza, sisi watu wanane tunaingia katika chumba kimoja, mlango unafungwa, na saa nane ya mchana tunawasha taa. Madaftari ya wanafunzi tunayasahihisha juu ya magoti. Maharagwe yaliyoanikwa asubuhi yanakimbizwa ndani yakiwa nusu makavu, na maharagwe nusu makavu yanaota ukungu ndani ya mfuko.

Huko Ulaya watu huegemeza chumba cha vioo kwenye ukuta wa kusini wa nyumba, ili wakamate jua wakati wa baridi kali. Tukiwaiga hivyo hivyo, tutaoka watoto. Bambu iko karibu na nyuzi 2 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa sita, jua la saa sita linapita kaskazini ya paa letu. Mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Hakuna upande mmoja wa kulitafuta mwaka mzima. Kwetu mambo ya kuangalia ni mengine: mvua inayopigwa na upepo, ubaridi wa asubuhi, na joto la saa nane. Kwa hiyo tulichagua mashariki. Jua la asubuhi litatupasha na kukausha vitu, na mchana nyumba yenyewe itatupa kivuli.

Jambo la joto hatukulisoma kwenye kitabu. Tulilisoma Bunia, chini ya shitingi. Vita vya Djugu vilivyoanza mwisho wa mwaka 2017 vilitukimbiza kama vilivyowakimbiza wengi wenu, na tulijua wote jinsi ilivyo: mchana huwezi kubaki ndani, usiku maji ya pumzi yetu wenyewe yanadondoka usoni. Shitingi haina pahali pa kutokea hewa. Kwa hiyo mstari wa kwanza katika mpango wetu unasema: juu, chini ya paa, tutaacha nafasi ya upana wa kiganja, toka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho, na kuifunika kwa wavu. Hewa ya moto ipande na kutoka.

Vipimo ni hivi. Urefu meta 5, upana meta 2 na nusu. Upande wa nyumba paa litakuwa kwenye meta 2,70, upande wa nje meta 2,10, ili maji yateremke haraka. Tole zitaanza chini ya ukingo wa paa la nyumba, zikiingia ndani zaidi ya kiganja kimoja. Tumeona barza nyingi zinazovuja, na karibu zote zinavuja pale pale paa mbili zinapokutana. Tutahitaji tole 7: tano za kawaida na mbili za kupitisha mwanga. Tulitaka zote ziwe za mwanga, lakini fundi alitukataza, na baada ya kukumbuka shitingi tulimkubali. Zile mbili zitakaa juu ya meza ya watoto na juu ya miche. Zinaoshwa kwa maji na sabuni, kamwe si kwa mchanga, maana zikikwaruzwa zinafifia mapema.

Ukuta wa matofali utafika kiunoni. Juu yake kutakuwa na wavu, pamoja na mikeka ya kushusha mvua ikija na upepo. Miti ni ya kalitusi, lakini haitaingia udongoni, maana mchwa wa hapa hawana huruma. Itasimama juu ya mawe, ikishikwa kwa vyuma.

Sasa hesabu ambayo tuliwapa watoto wa darasa la tano. Milimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni litri 1 ya maji. Paa hili, pamoja na kipande kinachozidi nje, litafunika meta za mraba 14. Mvua ya milimeta 20 italeta litri ngapi? Ni 280, yaani bidoni 14 za litri 20. Watoto wetu wanashuka kijito mara mbili kwa siku, na maji wanayopandisha yana matope ya wachimbaji. Maji ya paa hayatakuwa ya kunywa bila kuchemsha, lakini yatafua, yatamwagilia, na yatawapa wasichana muda wa kusoma.

Wakati wa mvua tutakausha humo nguo, na maharagwe ya mbegu yatatandazwa juu ya meza ya matete. Miche ya kabichi, vitunguu na nyanya itakaa pembeni. Nyanya isiyopigwa na mvua kwenye majani haioji upesi. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili, itakuwa mahali pa wageni na pa kukwepa vumbi.

Mambo mawili tumeyakataza kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mbabula ya makala haitawashwa humo mikeka ikiwa imeshushwa, maana moshi wa makala unaua watu usingizini bila harufu. La pili lilileta maneno. Ndugu mmoja, mchimbaji, aliomba kona ya kuchomea dhahabu yake jioni. Tulimkatalia. Zebaki, ile wachimbaji wanaita merkiri, ikichomwa inageuka hewa, inaingia mapafuni, inaharibu ubongo wa mtoto hata yule aliye tumboni, na inabaki imeshika kuta. Alikasirika. Lakini barza inayopokea watoto na miche ya chakula haiwezi kuwa pia kiwanda cha zebaki.

Aliyetupinga zaidi ni mama mkwe, ambaye watoto wanamwita mama mzee. Mwezi wa pili wa 2003 alikuwa hapa wakati Bambu iliporwa, hata hospitali. Aliporudi, jikoni lake halikuwa na tole hata moja. Alituuliza: «Mnanunua tole za mwanga ili zimmulikie nani?» Jioni ile hatukumjibu. Tulizima taa tukalala, na mpango ulibaki mezani wiki mbili.

Fundi ndiye aliyetafuta njia ya katikati: tole zisipigwe misumari bali zifungwe kwa bulo, ili siku ya hatari zifunguliwe na kufichwa. Tulimpelekea mama mzee wazo hilo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Ukuta haubebwi na mtu. Anzeni na ukuta.»

Basi ndivyo tutakavyofanya. Kiangazi hiki tunajenga msingi, sakafu na ukuta wa kiunoni, kwa matofali yetu wenyewe na fedha ya fungu letu la likelemba. Miti na tole za kawaida zitafuata tukiwa bado hapa kiangazi kijacho. Tole mbili za mwanga zitanunuliwa mwisho. Ikiwa tutalazimika kukimbia tena katikati, hatutakuwa tumepoteza kila kitu kwa siku moja, na tukirudi tutajua pa kuendelea.

Mama mzee ameshachagua pahali pake: kona ya kusini, karibu na mlango. Juzi tulimkuta amepeleka kiti chake pale nje, juu ya kamba za fundi, anachambua sombe. Anayetaka kuona vipimo aje. Na mwenye mbegu ya vitunguu vyekundu asitusahau.