Nani Aliwalimia Watoto?



Jumamosi moja tulikuwa tukiwasimulia wenzenu habari za Mwenye Heri Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria aliyeuawa kwa sababu alikataa kupigana vita vya Hitler. Mmoja wao, ambaye yeye mwenyewe ni baba wa watoto wawili, akainua mkono. «Mwalimu, na watoto wake, nani aliwalimia?» Tulimjibu upesi kwamba Mungu hawasahau yatima. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila lilikuwa jepesi mno, naye kijana alilitambua hivyo. Aliinamisha uso akanyamaza. Tangu siku hiyo swali lake limetukaa moyoni.

Franz alizaliwa tarehe 20 Mei 1907 katika St. Radegund, kijiji kidogo cha wakulima karibu na mpaka wa Ujerumani. Mama yake alikuwa mtumishi wa shambani, asiye na mume. Baba yake aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Alilelewa na bibi yake, mpaka mama alipoolewa na mkulima aliyempa mtoto jina lake. Asifikiri mtu kwamba alikuwa mtakatifu tangu utoto. Alikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya chuma ya Eisenerz, na huko imani yake ikapoa kwa muda. Mwaka 1933 alimzaa mtoto wa kike nje ya ndoa. Aliporudi kutoka machimboni alikuja na pikipiki, ya kwanza kijijini kwao. Twajua kwamba wengi wenu mtalikumbuka jambo hili kuliko yote mengine, wala hatuwalaumu. Sisi pia tuliitamani pikipiki miaka mingi kabla ya kuridhika na baiskeli.

Mwaka 1936, asubuhi ya Alhamisi Kuu, alifunga ndoa na Franziska, kisha wakafanya safari ya kwenda Roma. Mungu akawajalia mabinti watatu. Tangu hapo mkulima huyu alianza kuishi kwa namna nyingine: Misa, Komunyo Takatifu, Biblia jioni baada ya kazi, na chakula kwa maskini kutoka ghala ambalo halikuwa kubwa. Baadaye akawa mtunza sakristia wa parokia. Watu wa kijiji waliona kwamba amezidisha, na wengi walisema kosa ni la mke.

Tarehe 10 Aprili 1938 raia waliitwa kupiga kura ili kukubali kwamba Austria imemezwa na Ujerumani. Katika St. Radegund Franz alisema hapana, peke yake. Wakubwa waliandika kwamba kijiji kizima kimekubali.

Hapo turuhusiwe kusimama kidogo. Sisi tulio walimu twajua karatasi ni kitu gani. Tulipokuwa wageni katika kazi, tuliletewa orodha ya wanafunzi 61 tuitie sahihi, na darasani tulikuwa na 43. Aliyeileta hakututisha, alisema tu, kwa upole, kwamba mkate wa walimu wote wategemea hesabu ile. Nyumbani mama watoto alikuwa na mimba ya tatu. Tukatia sahihi. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyetuuliza neno hadi leo. Lakini kila tusomapo juu ya kura ile moja iliyofutwa, twaikumbuka kalamu tuliyoishika.

Franz hakungoja siku ya kufa ndipo aseme hapana. Mvua ya mawe ilipoharibu mazao, hakuipokea fidia ya serikali ile. Wala posho ya watoto hakuichukua, ingawa jirani zake waliipokea na yeye hakuwa tajiri. Anayelima atajua uzito wa jambo hili. Ni katika vitu vidogo vya namna hiyo, twadhani, ndipo mkono wake ulipojifunza kukataa.

Mwaka 1940 aliitwa jeshini, akafunzwa udereva, kisha mwaka uliofuata akarudishwa shambani kwa sababu nchi ilihitaji wakulima. Alirudi akiwa ameamua kwamba hatakwenda tena, kwa kuwa vita ile ilikuwa dhulma. Aliuliza mapadri. Alikwenda Linz kumwuliza askofu. Wote walimtakia mema, na wengi wakamkumbusha jambo lile lile: una mke, una watoto. Hivyo swali la kijana wetu si geni. Franz aliulizwa miaka 80 kabla yetu, na watu aliowaheshimu.

Machi 1943 aliitwa tena, akaenda Enns, akatamka kwamba hatabeba silaha. Alikubali kuwahudumia majeruhi; hakukubaliwa. Alifungwa Linz, kisha Berlin. Gerezani aliletewa picha ya mabinti wake watatu, wameshika ubao ulioandikwa kwamba baba mpendwa arudi upesi. Tumeiona picha hiyo. Mwenye watoto hawezi kuitazama kwa muda mrefu. Hukumu ya kifo ilitolewa tarehe 6 Julai. Franziska alisafiri na padri wa parokia hadi Berlin, akapewa dakika chache za kumwona. Tarehe 9 Agosti 1943, katika gereza la Brandenburg, Franz alikatwa kichwa. Alikuwa na miaka 36.

Basi, kijana wetu, aliyewalimia watoto ni Franziska. Kwanza yeye pia alijaribu kumzuia mumewe. Kisha akaona kwamba wote wamemwacha, akaamua kwamba angalau mkewe asimame naye. Alipokuwa mjane aliishika jembe pamoja na mama mkwe. Alikata majani ya ng'ombe, akavuna, akawapeleka mabinti kanisani mbele ya jirani waliomnyoshea kidole kwamba ndiye aliyemwua mumewe kwa sala zake. Wajane wa askari walipata pensheni. Yeye aliinyimwa mpaka mwaka 1950, kwa kuwa mumewe hakufa akipigana. Majivu ya Franz yaliletwa kijijini mwaka 1946, yakazikwa karibu na ukuta wa kanisa alilolitunza. Hukumu ile ya kifo ilifutwa na mahakama ya Berlin mwaka 1997, yaani baada ya miaka 54, na Franziska alikuwa bado hai.

Tarehe 26 Oktoba 2007, katika kanisa kuu la Linz, Franz alitangazwa Mwenye Heri. Franziska alikuwepo, bibi wa miaka 94, pamoja na mabinti wale wa picha, ambao nao walikuwa wamezeeka. Alipopewa kuishika masalia ya mumewe, aliibusu kwanza, ndipo akaitoa. Alifariki mwaka 2013, siku chache baada ya kutimiza miaka 100.

Jumamosi ijayo tutamsimulia kijana yule haya yote. Labda atauliza swali lingine, na labda tutalazimika kumweleza habari za orodha ya wanafunzi 61.