Mlima Mmoja, Reli Mbili

Huku kwetu ukisema unapenda treni, utaulizwa unasafiri kwenda wapi. Ukijibu kwamba huendi popote, unataka tu kuiona ikipita, watu wataangaliana. Mimi na wenzangu tumeangaliwa hivyo tangu utotoni, wengine wetu tukiwa Kitale, wengine Bungoma, na Mlima Elgon ukitutazama sote.

Kwa barabara, miji hii ni majirani. Matatu hupita Kiminini na Kamukuywa, ikateremka hadi Webuye, na muda si muda umefika. Kwa reli ni habari nyingine. Kitale iko mwisho wa tawi linalochepuka pale Leseru, ng'ambo ya Eldoret, likapitia Soy na Moi's Bridge. Bungoma iko kwenye njia kuu inayopanda kutoka Nakuru hadi Timboroa, ikashuka Eldoret, kisha ikapita Turbo, Lugari na Webuye kabla ya kuingia Uganda kwa mlango wa Malaba. Aliyetoka Kitale kwenda Bungoma kwa treni alilazimika kurudi nyuma mpaka Leseru ndipo aanze safari. Njia haikuchorwa kwa ajili yetu. Serikali ya kikoloni ilipoamua reli ya Uganda ipite wapi, iliwafuata walowezi wa Uasin Gishu, hata kama ilibidi treni zipande hadi kimo cha zaidi ya futi 9,000 pale Timboroa. Tawi la Kitale lilifika mwaka 1926, likaja kubeba mahindi ya mashamba makubwa ya Trans Nzoia.

Tulianza mchezo wetu mapema miaka ya 1980. Enzi ya mvuke ilikuwa imekwisha. Wazee walituhadithia, sisi tukabaki na dizeli. Kila mmoja alikuwa na daftari la shule ambalo nusu yake ilikuwa hesabu za mwalimu na nusu nyingine namba za injini. Namba zilikuwa na siri yake. Tarakimu mbili za kwanza zilikuambia aina, mbili za mwisho zikakuambia ni ya ngapi. Injini 9310 ilikuwa ya kumi katika aina ya 93, zilizoundwa na General Electric ya Marekani na kuletwa mwaka 1978. Aina ya 87 zilikuwa wazee wa kazi, zimetoka English Electric ya Uingereza kuanzia 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na Kenya imeunda shirika lake la reli, lakini yapo mabehewa yaliyoendelea kupita yakiwa na herufi za East African Railways chini ya vumbi. Tuliyaandika hayo kwa kalamu nyekundu.

Wa Bungoma walikuwa matajiri. Binamu yangu alikaa karibu na landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na rafiki yake alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa stesheni, kwa hiyo habari za treni ziliwafikia kabla ya treni yenyewe. Waliona matangi ya mafuta ya Uganda, makontena, mabehewa ya abiria yenye vichwa vimejaa madirishani. Barua alizoniandikia binamu yangu zilikuwa orodha tupu: salamu mstari mmoja, namba ukurasa mzima. Mimi wa Kitale nilikuwa na treni moja ya mizigo, na siku nyingine hata hiyo haikuja. Lakini ikija ilikaa. Ilipangua mabehewa na kuyapanga upya mchana kutwa, nami nikajifunza kazi ya pointi, ishara za gadi, na jinsi dereva anavyosogeza mzigo mzito bila kuutikisa. Binamu yangu alijua treni nyingi. Mimi niliijua moja vizuri.

Polepole tukaacha kutazama injini peke yake, tukaanza kusoma mizigo. Mabehewa ya mbolea yakianza kuingia Kitale, ulijua mashamba yanatayarishwa hata kama mvua bado. Mwishoni mwa mwaka mahindi yalitoka. Kule Webuye, karatasi za Pan Paper zilikuambia kama kiwanda kimechangamka au kimelala. Ukiwa na subira, kando ya reli ungeweza kusoma hali ya magharibi yote ya Kenya bila kununua gazeti.

Kwa hiyo treni zilipoanza kupungua tuliona mapema. Mwaka 1994 bomba la mafuta lilifika Eldoret na Kisumu, na mafuta ya huku hayakuhitaji tena treni. Malori yakachukua mahindi. Pan Paper ikafungwa mwaka 2009. Novemba 2006 reli ilikuwa imekodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, nasi tukapata rangi mpya za kuandika, na baadaye injini za aina ya 96 zilizonunuliwa zikiwa zimetumika Marekani. Mkataba huo ukavunjika mwaka 2017. Upande wa Bungoma treni ziliendelea kupita, japo chache. Upande wa Kitale nyasi ziliota katikati ya mataruma, mbuzi wakapata malisho, na vijana wakapata njia ya mkato.

Ndipo mchezo wetu ukageuka. Mwanzo ulikuwa wa kusubiri: unakaa, treni inakujia. Treni isipokuja, ni wewe unayeifuata reli. Tulianza kukutana, wa Kitale na wa Bungoma, tukatembea kando ya tawi tukitafuta kilichobaki: nguzo za maili, tangi la maji, daraja juu ya Mto Nzoia, jengo la stesheni lenye saa isiyokuwapo. Simu zenye kamera zilitusaidia sana, maana zamani mtu aliyesimama stesheni na kamera alikuwa anatafuta maswali kwa askari. Tukiwa njiani tulikutana na watu waliotuuliza, "Nyinyi ni wa serikali? Reli inarudi?" Tukajibu kwamba sisi ni wapenzi wa treni tu. Hawakuridhika.

Safari moja tulikwenda hadi Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Tulimtafuta jamaa yetu. Kati ya injini kubwa 34 za mvuke za aina ya 59, zilizoundwa na Beyer Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima, namba 5904 iliitwa Mount Elgon. Tulikuta Mount Gelai na Mount Shengena. Mlima wetu haukuwapo. Wenzake karibu wote walikwisha kukatwa vyuma. Binamu yangu alizunguka ile Mount Gelai, akagusa magurudumu, akasema, "Bibi yake mtu akishakufa, unamwamkia dada yake."

Injini za muundo kama wa ile Mount Gelai zina ukoo mrefu. Ya kwanza kabisa iliundwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania, Australia. Huko Australia wapenzi wa treni walikwenda mbali kuliko sisi: reli ya Puffing Billy, nje ya Melbourne, iliokolewa na chama kilichoanzishwa mwaka 1955, na hadi leo watu wa kujitolea huendesha treni zake za mvuke. Tulipoona video zake tulipata wivu, kisha tukakaa tukahesabu mali yetu. Injini ya kufufua hatuna, wala fedha. Tunao wazee.

Siku hizi hao ndio kazi yetu kubwa. Tunawatafuta madereva, magadi na watu wa genge waliostaafu, Kitale, Turbo, Webuye na Bungoma, tunarekodi sauti zao. Mzee mmoja wa Bungoma alitueleza alivyoamka usiku kwa mlio wa magurudumu, akajua bila taa kwamba reli imepasuka, akawahi kuisimamisha treni iliyofuata. Hilo halikuwamo katika daftari lolote la namba.

Njia ya Malaba ilikarabatiwa ili ipokee mizigo ya reli mpya ya SGR, iliyofika Naivasha mwaka 2019, na Desemba 2021 treni ya abiria ilirudi Kisumu. Vijana wa Bungoma wanatutumia picha za injini wakiuliza ni aina gani. Tunawajibu, kisha tunawauliza imebeba nini na inaelekea wapi. Asiyejua arudi kesho akaangalie.

Safari yetu ijayo ni ya miguu, kutoka Leseru kuelekea Soy, na atakayetuongoza ni mzee aliyefanya kazi katika genge la sehemu hiyo. Ametuma masharti kupitia kwa mjukuu wake: tufike alfajiri, tubebe maji, na mwenye swali aulize huku anatembea, kwa sababu yeye hasimami.