Mkono wa Kushoto

Riziki ya mpiga piano i katika vidole kumi. Viwili vikiasi, sifa yake hutikisika. Nisikilizapo santuri za Leon Fleisher, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1928, hulitafakari sana jambo hili. Alishinda mashindano ya Malkia Elisabeth mjini Brussels mwaka 1952, jina lake likavuma. Mwaka 1964 vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikajikunja, visitake kunyooka.

Hakuuacha muziki. Alifundisha, akaongoza okestra, akapiga tungo za mkono wa kushoto peke yake, kama ile ambayo Ravel alimtungia Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya miaka thelathini hivi tiba ilimpa nafuu, na mwaka 2004 ikatoka rekodi yake ya mikono miwili. Alifariki mwaka 2020.

Wengi husifu kurejea kwake. Mimi husifu zaidi miaka ile ya katikati. Kurejea kulikuwa neema ya tiba. Kufundisha wengine alilonyimwa mwenyewe kulikuwa hiari ya moyo. Apendaye sifa huondoka pamoja nayo. Apendaye sanaa hubaki na mkono uliosalia.