Khabari za Vidole

Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, hapa Unguja, na kazi yangu katika kikundi chetu cha taarabu ikiwa bado ni kubeba viti na kukunja mikeka baada ya mazoezi, sikuwa na ala niliyoistahi kuliko ganuni ya marehemu ami yangu, iliyokuwa na nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na ubavuni mwake vishikizo vidogo vya shaba ambavyo alikuwa akivinyanyua na kuvilaza kwa mkono wa kushoto, baina ya pigo na pigo, hata sauti ya mi ikashuka chini ya mi ya piano bila ya kuifikia sauti inayofuata. Hapo katikati ndipo yalipokaa mahadhi ya Rast na Sika, na kwa fahamu zangu za wakati ule, na hata za leo, hapo ndipo ilipokaa taarabu yenyewe.

Kurekodi siku hizo lilikuwa jambo la jamaa wote. Tuliingia chumbani pamoja, watu wa fidla, udi, nai na kodiani, mwimbaji akasimama mbele ya maikrofoni, wapiga dumbaki wakasogezwa hadi ukutani, na utepe ulipoanza kuzunguka hapana aliyethubutu kukohoa, kwani kosa la mtu mmoja katika ubeti wa mwisho lilituregesha sote mwanzo.

Kinanda cha umeme tulikipata mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa mkono wa baharia aliyekinunua Dubai kikiwa kimekwisha tumika: Yamaha DX7, aina iliyotoka mwaka 1983, cha rangi ya kahawa, chenye vitufe 61. Vijana walishangilia. Ami aliweka kidole cha shahada juu ya mi, akasikiliza mpaka ikafifia, akanambia kwa upole, "Mi yetu haimo humu, mwanangu." Akarudi kwenye ganuni yake.

Nami niliingiwa na shauku ya kujua sauti hutoka wapi katika sanduku lisilo na uzi wala ngozi wala tundu la kupulizia. Nikaja kufahamu kwamba vinanda vilivyotangulia, vya namna aliyoianzisha Robert Moog huko Marekani mwaka 1964, vilifanya kazi kama afanyavyo mchongaji wa milango, aanzaye na ubao mzima na kuondoa asichokitaka: saketi moja huzaa wimbi ghafi, kali, lililosheheni sauti ndogo ndogo za juu yake, kichujio huzikata zile za ziada, kisha saketi ya tatu hufungua na kufumba mlango wa sauti, upesi kama uzi uliokwanyuliwa au taratibu kama pumzi ya nai. DX7 haikukata kitu. Asili yake ni jambo alilolikuta John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, kwamba mtikisiko wa sauti, ule ule autiao mpiga fidla kwa kidole chake juu ya uzi, ukizidishwa kasi kupita kiasi, sikio huacha kuusikia kuwa ni mtikisiko, na badala yake husikia sauti nyingine kabisa, yenye rangi yake. Kinanda chetu kilikuwa na mawimbi sita ya namna hiyo kwa kila sauti, yakitikisana. Nilikesha nayo nyusiku nyingi, nikitafuta mlio wa ganuni, nikaukaribia, mi sikuipata.

Miaka ikapita, kikaja kinanda kingine, kilichotengenezwa kwa ajili ya wapigaji wa Kiarabu, ambacho juu ya ubao wake palikuwa na vitufe vidogo kumi na viwili, kimoja kwa kila sauti, na ukikibonyeza cha mi basi kila mi ya kinanda kizima hushuka senti 50, yaani nusu ya hatua iliyopo baina ya kitufe na jirani yake. Ami, aliyekuwa mzee na vidole vyake haviwezi tena nyuzi, tulimkalisha mbele yake jioni moja mwaka 2004. Akapiga kwa vidole viwili tu vya shahada, kama alivyozoea kupiga ganuni kwa kucha zake za kuvaa. Alipoifikia mi alituangalia. "Ehee," akasema, "sasa ndiyo."

Mpwa wangu alikuwapo, na kompyuta yake mapajani, na waya wenye kichwa cha pini tano umechomekwa nyuma ya kinanda. Nikamwuliza kama sauti inaingia vizuri. "Mjomba, humu hamupiti sauti hata chembe," akanijibu. "Zinapita khabari za vidole tu."

Kauli ile ilinichukua muda kuielewa. Waya ule ni wa MIDI, lugha waliyoafikiana watengenezaji wa vinanda wa Marekani na Japani mwaka 1983, na kila kitufe kinapobonyezwa hutuma nambari tatu: agizo la kupiga pamoja na mkondo wake, miongoni mwa mikondo 16, kitufe gani, do ya kati ikiwa 60 na mi ya juu yake 64, na kimebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, kwa kipimo kiishiacho 127. Nambari hizo zote tatu hupita kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Programu ya kurekodi huzipanga kwa saa yake, na baadaye huzirudisha kwa kinanda kile kile, au kwa kinanda kingine kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe, kisicho na mwili. Mwimbaji ndiye ambaye sauti yake haina budi kuchukuliwa kwa dhati yake, ikapimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Naye siku hizi huimba peke yake, masikio yamezibwa kwa hedfoni, wapigaji wakiwa wameshakwenda zao tangu wiki iliyopita. Jambo hili linanihuzunisha na sitalificha, maana mwimbaji wa zamani alijua pa kuvuta pumzi kwa kumtazama mpiga fidla.

Ami alifariki, Mola amrehemu. Kile kinanda kikaharibika kwa chumvi ya bahari, kikatupwa. Usiku mmoja nikaifungua ile kazi ya jioni yake, nikaipa mlio wa ganuni iliyomo katika programu, nikasikiliza, na mi ilikuwa ni ya piano. Kila mahali. Nilidhani faili limeharibika, kumbe halikupungua kitu: ule ushukaji wa senti 50 ulikuwa ndani ya tumbo la kinanda, na waya ulipeleka 64 tupu, kama barua iliyoandikwa bila ya irabu.

Nikakaa nayo mpaka alfajiri. Ipo khabari nyingine ipitayo katika lugha hiyo, ya gurudumu la kupinda sauti, ambalo likiachwa katikati husoma 8192 na likivutwa hadi chini kabisa huishusha sauti vitufe viwili. Lakini huupinda mkondo mzima, si sauti moja. Basi nikazitoa mi zote alizozipiga, pamoja na sauti zote za si, kwa kuwa Rast huzishusha zote mbili, nikazihamishia mkondo wa pili, moja moja, kila moja na nguvu yake kama alivyoibonyeza, 52, 47, 61, na juu ya mkondo huo nikaandika 6144, ambayo ni robo ya njia ya kwenda chini, na ndizo senti 50 kamili. Nikarudi mwanzo nikabonyeza.

Kinanda cha mpwa wangu kilikuwa mezani, vitufe vyake vimetulia, hapana hata kimoja kilichoshuka, na mi ya ami ikatoka.