Petroli ya Gari la Mbio

Tarakimu ziandikwazo juu ya pampu ya petroli hudhaniwa na watu wengi kuwa ni kipimo cha nguvu. Hudhani kuwa petroli ya 98 ina ukali kuliko ya 91, kama pilipili kichaa ilivyo kali kuliko pilipili hoho. Sivyo. Tarakimu hizo hupima subira. Ndani ya silinda pistoni hupanda, ikaugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka ukapata joto jingi. Na petroli ifaayo ni ile iwezayo kustahimili mgandamizo huo bila ya kujiwakia kabla moto wa cheche haujaifikia. Isiyostahimili hulipuka pembeni, na mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo. Dereva husikia mlio wa kokoto zitikiswazo ndani ya kopo. Mafundi husema injini inagonga.

Kipimo chenyewe kilibuniwa na Mmarekani, Graham Edgar, mwaka 1926. Alichagua vimiminiko viwili: isooktani, chenye ustahimilivu mwingi, akakipa 100, na heptani, kisicho na ustahimilivu, akakipa 0. Petroli ya 95 ni ile istahimiliyo sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za kile cha kwanza na 5 za hiki cha pili. Wamarekani huandika juu ya pampu zao wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 91 yao hukaribia 95 ya nchi nyingine. Asomaye ushauri wa Marekani akiwa Afrika Mashariki na akumbuke jambo hilo.

Mpwa wangu akaaye Nairobi alinunua Subaru Impreza WRX iliyokwisha tumika Japani. Ni gari la turbo, lenye haraka ya swala. Ndani ya kifuniko cha mdomo wa tangi mna maandishi ya Kijapani yatakayo petroli ya daraja la juu, ambayo kwa sheria ya vipimo ya Japani haipungui 96, wakati ile ya kawaida ya huko huanzia 89. Kijana huyu si mpumbavu wala si bahili. Alipoteza baba mapema, na ada ya shule ya mdogo wake hutoka katika mfuko wake. Aliniuliza: "Mjomba, kuna dhara gani nikitia petroli ya kawaida? Majirani wote hutia, na magari yao yanakwenda."

Swali la mtu mwenye ada ya kulipa halistahili kujibiwa kwa dharau. Tofauti ya bei ikiwa shilingi 20 kwa lita, tangi la lita 60 ni shilingi 1,200. Na ajazaye mara nne kwa mwezi hutoa shilingi 4,800 kwa kitu asichokiona wala kukinusa. Tena ni kweli kwamba magari ya majirani yanakwenda. Magari ya siku hizi yana kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini, ambacho kazi yake ni kusikiliza. Kikisikia mgongo, hupeleka habari kwa kompyuta ya gari, nayo huichelewesha cheche mpaka kelele ikome. Dereva hapati habari. Hupoteza nguvu kidogo, akadhani barabara ina mwinuko.

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2017 magari ambayo watengenezaji wake hupendekeza petroli ya juu bila ya kuilazimisha. Faida yake ilikuwa kwa wastani asilimia 2.7 katika matumizi ya petroli na asilimia 1.4 katika nguvu. Ni faida ndogo, isiyolipa bei yake. Hapa ndipo pana kisa chote: kupendekeza si kulazimisha, na mwenye gari hana budi kujua ni neno lipi kati ya hayo mawili aliloandikiwa. Kwa upande wa pili wako watiao petroli ya juu katika magari yasiyoihitaji kabisa. Hao naona wananunua heshima, na gari halijui heshima.

Gari la mpwa wangu limo katika kundi la kulazimishwa. Tena kulikuwa na jambo ambalo majirani hawakulifikiri. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na injini ivutayo hewa kwa pumzi yake tu hujaza silinda kwa uchache, mgandamizo ukapungua, petroli ya chini ikatosha. Mjini Denver, katika jimbo la Colorado, vituo huuza hata 85 kwa sababu hiyo. Lakini turbo huisukuma hewa ndani kwa nguvu, ikarudisha sehemu kubwa ya kile kilichoondolewa na mlima. Mfano wa jirani haumfai. Na akishuka Mombasa, kiasi cha kilomita 480, hukutana na hewa nzito na joto la pwani, gari limejaa ndugu na mizigo. Hapo lile sikio la ubavuni hufanya kazi bila ya kupumzika, na uwezo wake una mpaka: likizidiwa, kingo nyembamba za pistoni zishikazo ringi huvunjika. Injini moja hula ada ya miaka.

Nilimwambia hayo yote, pamoja na njia ya katikati: kuchanganya nusu kwa nusu hupata daraja la kati, na mguu mwepesi hupunguza mgandamizo wa turbo. Njia hiyo siipendi sana, maana humtaka kijana wa miaka 27 awe na mguu mwepesi kila siku.

Alifikiri, akachukua daftari lake la matumizi. Petroli ya juu aliiandika katika mstari mmoja na bima, akafuta safari mbili za Naivasha. Mstari wa ada hakuugusa.