Kiumbe Ambacho Hakikuwako



Watoto wetu wa ugenini hutuletea kutoka shule maswali ambayo wazee wetu hawakupata kuulizwa. Binti yangu aliniuliza: “Baba, ikiwa wataalamu nao hukosea, kwa nini tuwaamini?” Nilimjibu kwa kisa hiki, nami nakileta kwa wazazi wenzangu.

Mwaka 1857 meli ya Kiingereza, Cyclops, ilizoa matope katika vilindi vya Atlantiki ilipokuwa ikipima njia ya waya wa simu. Matope hayo yakahifadhiwa ndani ya spiriti. Mwaka 1868 bingwa Thomas Henry Huxley aliyatazama kwa hadubini, akaona uteute wenye chembe ndogo ndogo. Akaamini kuwa ni kiumbe hai, akakiita Bathybius haeckelii kwa kumheshimu Ernst Haeckel wa Ujerumani. Ikaenea dhana kwamba uteute huo umetandaa chini ya bahari, na kwamba pengine ndio asili ya uhai.

Kisha ikasafiri meli ya Challenger, 1872 hadi 1876, ikichota matope ya bahari nyingi. Katika matope mabichi kiumbe hakikuonekana. Mkemia wa safari hiyo, John Young Buchanan, ndiye aliyefichua siri: uteute hutokea pale spiriti nyingi inapochanganywa na maji ya bahari. Haukuwa na uhai. Ulikuwa jasi, chumvi iliyomo majini, iliyojitenga kwa nguvu ya spiriti. Kilichotiwa ili kuhifadhi ndicho kilichozua.

Habari zilipomfikia Huxley mwaka 1875, alikubali hadharani, katika jarida la Nature, kwamba huenda alikosea. Haeckel aliendelea kukitetea kiumbe hicho kwa muda.

Basi nilimwambia binti yangu: hatuwaamini kwa kuwa hawakosei; twawaamini pale wanaporudi kuchota matope upya, na kusema kweli juu ya walichokiona.

Nasi wazazi tuna fungu letu. Mtoto akituonyesha kwamba tulilomwambia si sahihi, tusimkemee ili kulinda heshima. Mtoto aliyenyamazishwa nyumbani hupeleka maswali yake kwa wengine, na katika nchi za watu wengine hao hatuwajui. Wahenga walisema: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Wabillahi taufiki.